Habari za Kuwafundisha Watoto kwa Macho na kwa Mikono

(Somo: Yoshua 4, 1–7 na 20–24)



Wana wa Israeli walipokwisha kuuvuka mto Yordani, Bwana Mungu hakumwamuru Yoshua kwanza ahubiri. Alimwamuru achague watu kumi na wawili, mtu mmoja wa kila kabila, warudi katikati ya mto, mahali pale miguu ya makuhani iliposimama, wakachukue kila mtu jiwe moja begani. Mawe hayo wakayapeleka kambini, na Yoshua akayasimamisha huko Gilgali. Na sababu ya kuyasimamisha imeandikwa wazi, wala haikuwa kwa ajili ya wazee walioyaona mambo kwa macho yao. Ni kwa ajili ya watoto watakaozaliwa baadaye. Hao watayaona mawe, watauliza habari zake, na baba zao watawaeleza.

Twamwomba msomaji autazame utaratibu huu polepole, maana ni rahisi kuupita upesi. Kwanza lipo jiwe. Jiwe hilo lina uzito, limelainishwa na maji ya mto, mtoto aweza kulipapasa na kulipanda. Kisha latoka swali katika kinywa cha mtoto mwenyewe. Baadaye ndipo neno la baba. Lakini desturi ya mafundisho mahali pengi ni kuanzia mwisho. Mtoto hupewa jibu la swali asilouliza, juu ya kitu asichokiona, kwa maneno asiyoyajua. Naye akiisha kuyasema yote pasipo kukosea, husifiwa kwamba ameelewa. Wazee hushangaa wakati kijana huyo, akiisha kupata Kipaimara, haonekani tena kanisani. Kwa nini wanashangaa? Alipewa neno lisilo na jiwe, na neno la namna hiyo halina mahali pa kukaa.

Hatusemi hivi ili kuyadharau maneno yashikwayo moyoni. Katekisimo Ndogo ya Dk. Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529, iliandikwa ishikwe moyoni, na mtoto aliyeishika amejipatia akiba ya maisha yote. Wako wazee waliopofuka macho, wasioweza tena kusoma, ambao akiba hiyo ndiyo chakula chao cha kila siku. Walakini Luther mwenyewe hakutaka watoto wafundishwe kwa masikio peke yake. Mwaka ule ule wa 1529 kitabu chake cha sala kilitolewa tena, na ndani yake alitia picha nyingi za habari za Biblia, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa. Akaeleza ya kuwa amefanya hivyo hasa kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu, kwa kuwa hao hushika habari za Mungu upesi zaidi kwa picha na mifano kuliko kwa maneno matupu. Tena mwaka 1525 aliandika ya kuwa anatamani wakuu na matajiri wangekubali kuzichora habari za Biblia katika nyumba zao, ndani na nje, ili watu wote wazione.

Watazameni na manabii. Yeremia alipotakiwa kulipokea neno juu ya taifa lake, aliambiwa ashuke kwanza nyumbani kwa mfinyanzi. Akasimama akiutazama udongo juu ya magurudumu, akaona chombo kikiharibika mkononi mwa mtu na kufinyangwa upya, na hapo hapo, penye udongo, neno likamjia. Amosi alionyeshwa kikapu cha matunda. Na Bwana wetu Yesu, walipomjia na swali la kodi, hakujibu mpaka wamemletea dinari, nao wameitazama sura iliyo juu yake. Alipowafundisha watu wasisumbuke kwa chakula na mavazi aliwaelekeza kwa ndege na maua, vitu ambavyo kila mmoja wao alivijua tangu utoto. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kufundisha kwa ua na sarafu na mbegu na chachu, mwalimu wa shule ya Jumapili aone haya ya nini?

Sasa twapenda kuwaeleza habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyeyafahamu mambo haya na kuyatenda. Jina lake Johann Friedrich Oberlin. Alizaliwa mjini Strasbourg mwaka 1740, na mwaka 1767 aliwekwa kuwa mchungaji wa Waldersbach, katika bonde liitwalo Ban de la Roche, milimani mwa Vosges, katika Alsace iliyokuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1826, muda wa miaka hamsini na tisa. Nchi ile ilikuwa ya baridi na ya mawe, na majira yake ya theluji ni marefu. Barabara ya kufaa haikuwapo. Watu walikuwa maskini sana, tena lahaja yao ilikuwa ngumu kwa wageni.

Kabla yake alikuwako huko mchungaji Johann Georg Stuber, na husimuliwa ya kuwa Stuber alipofika mara ya kwanza aliomba aonyeshwe shule. Akapelekwa katika kibanda kilichojaa watoto wenye makelele, na pembeni kitandani amelala mzee mmoja dhaifu. Huyo ndiye mwalimu. Alipoulizwa awafundisha nini watoto, alijibu pasipo kusitasita kwamba hawafundishi neno, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui neno. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchunga nguruwe wa kijiji. Na alipoishiwa nguvu za kuwachunga nguruwe, akapewa watoto. Msomaji atacheka, na acheke. Kisha na afikiri kama hapajui mahali ambapo shule ya Jumapili hukabidhiwa mtu yule ambaye baraza la wazee halikuona kazi nyingine ya kumpa.

Stuber alianza kuwafundisha watu kusoma kwa utaratibu, akawapatia na vitabu vya kuazima. Oberlin akajenga juu ya msingi ule. Lakini aliona jambo ambalo wengi hawakuliona, ndilo la watoto wadogo kabisa, wasiofikia umri wa shule. Wazazi walikuwa kazini tangu alfajiri, na watoto hao ama walifungiwa nyumbani, ama walizurura njiani. Katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana aitwaye Sara Banzet, ambaye alikuwa akiwakusanya watoto nyumbani na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Oberlin alipopata habari hakumwambia aache, wala hakumwambia angoje. Yeye na mkewe, Madeleine-Salomé, wakamchukua awe msaidizi wao. Na tangu karibu na mwaka 1770 vyumba vya namna hiyo vikafunguliwa katika vijiji vya usharika, kimoja baada ya kimoja. Watu waliviita kwa lugha yao majiko ya kufumia, maana katika baridi ile chumba chenye jiko ndicho watu walichokusanyikia. Sara alifariki mwaka 1774, hajatimiza miaka thelathini. Kazi haikufa naye.

Basi walifanya nini humo? Watoto wakubwa kidogo walifuma soksi na kusokota nyuzi. Wadogo wakacheza karibu nao. Mikono ikichoka, mwanamke mwenye kuwaongoza aliwaonyesha picha za habari za Biblia, na picha za wanyama na mimea, akawaeleza kwa Kifaransa sanifu, nao wakarudia majina. Waliimba. Walitazama ramani: kwanza ramani ya bonde lao wenyewe, yenye vijiji wanavyovijua na kijito walichokivuka jana, kisha ramani ya Alsace, kisha ya Ufaransa, ndipo ya nchi za mbali. Hapo twamsihi mwalimu asimame kidogo. Mtoto aliyeanza kwa kuchora mchangani njia ya kutoka kwao hata kisimani amejua ramani ni kitu gani, naye akionyeshwa Galilaya na Yerusalemu atauliza ni mwendo wa siku ngapi. Mtoto aliyeanza na dunia nzima ukutani ameona rangi tu.

Siku za jua waliongozwa nje kutafuta maua na majani. Wakayaleta, wakajifunza majina yake, wakayakausha na kuyabandika katika karatasi. Watoto wakubwa walifundishwa kuyachora na kuyapaka rangi. Nao vitabu, vilivyokuwa vichache, havikukaa kabatini, bali vilizungushwa kutoka kijiji hata kijiji, ili kila mahali wapate zamu yao. Jambo hili la vitabu twalitaja hasa, kwa sababu makabati ya sharika yana kufuli nzuri sana. Vitabu vyenye picha, zawadi za marafiki wa mbali, hufungiwa humo visichafuliwe na watoto, na baada ya miaka kumi hufunguliwa, ikaonekana ya kuwa mchwa hakuogopa kufuli.

Miongoni mwa wanawake wale alikuwako Louise Scheppler, aliyezaliwa katika kijiji cha Bellefosse mwaka 1763. Aliingia nyumbani mwa mchungaji kama mtumishi, akiwa bado kijana, akafanywa mwongozi wa watoto, akaenda kwa miguu kijiji hata kijiji katika theluji. Mke wa mchungaji alipofariki mwaka 1783, Louise alibaki akiwalea watoto wake na kuitunza nyumba, tena akakataa kupokea mshahara. Mwaka 1829 Chuo cha Kifaransa huko Paris, ambacho wanachama wake ni wenye elimu kuu wa taifa lile, kilimpa tuzo yake ya wema, faranga 5,000. Aliyezisimulia habari zake mbele ya mkutano ule alikuwa Cuvier, mtaalamu mashuhuri wa habari za wanyama. Mtu aliyesifiwa na Cuvier siku ile alikuwa mwanamke wa mlimani asiye na shahada yoyote, mwenye sindano za kufumia na majani makavu. Louise alifariki mwaka 1837.

Huenda msomaji akasema, Ni mema hayo, lakini ni mambo ya Ulaya na ya zamani. Twajibu: watazameni watoto walio nyumbani mwenu jioni hii. Nani aliyewafundisha kufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, na kuwatia pembe kwa miiba? Nani aliyewaonyesha kutengeneza mpira kwa majani makavu ya mgomba, au kumvika gunzi kitambaa likawa mtoto, na kulibeba mgongoni? Kipande cha mkaa kikianguka penye ukuta uliopakwa chokaa, kitambo kidogo pana gari, na jogoo, na mchungaji mwenye kanzu. Hapana aliyewatuma. Mungu, aliyemfinyanga mtu wa kwanza kwa mavumbi ya ardhi, ametia ndani ya watoto hamu ile ile ya kufanya vitu kwa mikono. Twasoma habari za Bezaleli katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, ya kuwa alijazwa Roho ya Mungu. Tena hakujazwa ili atabiri, bali apate akili ya kufanya kazi ya dhahabu na fedha na shaba, na kuchora vito, na kuchonga miti. Basi mzazi apigaye mkono wa mtoto, na kuutupa ule udongo nje kwa sababu ni uchafu, na aangalie anatupa nini.

Tutoe mfano, ili mwalimu asiye na kitu ajue ya kuwa anacho. Jumapili hii watoto watafundishwa habari za kondoo aliyepotea, Luka sura ya 15. Mwalimu asifungue kinywa kwanza. Awapeleke nje ya kanisa, chini ya mti, awaambie wajenge boma dogo la vijiti vya miiba. Wakiisha, waokote vijiwe mia moja, wavihesabu pamoja, wavitie bomani. Kazi hiyo itachukua muda, na wengine watagombana juu ya hesabu, wasihimizwe. Kisha waambiwe wafumbe macho waimbe wimbo mmoja. Wakati wanaimba, mwalimu achukue kijiwe kimoja akifiche penye majani. Wakifumbua macho wahesabu tena. Watapata tisini na tisa. Watadhani wamekosea, watahesabu mara ya tatu. Ndipo mmoja, yamkini yule asiyesema kamwe darasani, atauliza kingine kiko wapi. Mwalimu bado asijibu. Awaache watafute. Na yule atakayekiona hatakuja akitembea. Atakuja mbio akipiga kelele, na wote watamkimbilia. Hapo sasa, ndugu mwalimu, keti chini uifungue Biblia yako, ukawasomee. Hutakuwa na haja ya kueleza furaha iliyo mbinguni ni ya namna gani, maana iko miguuni pako, ina vumbi mpaka magotini.

Hilo ndilo jiwe la Gilgali tena: kwanza kitu, kisha swali, kisha neno. Gharama yake ni vijiti na vijiwe. Tena mtoto yule atakwenda nyumbani na kujenga boma lake mwenyewe uani, na jirani, ambaye huenda hajaingia kanisani tangu alipobatizwa, atamwuliza ni boma la nini.

Tumesikia maneno ya wanaopinga, nayo yafaa kujibiwa. Wa kwanza husema, Huu ni mchezo. Kweli ni mchezo, wala hatukatai. Lakini mtoto ajifunzaye kutembea huanguka na kucheka, akainuka tena, na hapana mama aliyemkataza kwa kuwa anacheza. Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri aliyezaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, Thuringia, alifiwa na mama yake angali mchanga, akakua mpweke kati ya nyumba na bustani ya baba yake. Mtu huyo ndiye aliyefungua huko Bad Blankenburg, mwaka 1837, mahali pa kuwalea watoto kwa mipira ya sufu, na vipande vya mti vya mviringo na vya pembe nne, na nyimbo, na vitalu vidogo ambamo kila mtoto alipanda mbegu zake. Mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, ikidhani zina hatari kwa dini na kwa dola, na Fröbel akafa mwaka 1852 kabla ya kuona marufuku ikiondolewa. Iliondolewa mwaka 1860. Shule zetu za chekechea, ambazo wazee wetu waliziita shule za vidudu, ni wajukuu wa bustani ile. Lakini ukizitembelea baadhi yake utawakuta wadogo wa miaka minne wameketi safu safu, mikono juu ya meza, wakiitikia herufi kwa sauti moja tangu asubuhi. Bustani imebaki kwenye jina.

Wa pili huogopa sanamu. Husema, Tukiwaruhusu watoto kufinyanga na kuchora katika nyumba ya Mungu, tutawarudisha kwenye mambo ambayo baba zetu waliyaacha. Hofu hii twaiheshimu, maana inatoka katika moyo wa kumcha Mungu. Lakini yafaa kukumbuka mwezi wa Machi mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipokuwa wamekwisha kuanza kuvunja sanamu makanisani. Luther alitoka katika ngome ya Wartburg alikofichwa, akahubiri siku nane mfululizo. Hakusema sanamu ni za lazima; aliona hata ni afadhali zisiwepo. Walakini alisema kosa limo moyoni mwa mtu aabuduye, wala si katika mti au rangi. Kwa maana wako waliabuduo jua na nyota, na hapana mtu awezaye kuziangusha kutoka mbinguni kwa sababu hiyo. Ng'ombe wa udongo aliyefinyangwa asubuhi na mtoto wa miaka sita, akavunjika kabla ya jua kuchwa, hana mtu wa kumsujudia.

Wa tatu husema hakuna fedha. Huyo tumekwisha kumjibu.

Wa nne hasemi neno, na upinzani wake ndio mzito kuliko yote, naye ni mwalimu mwenyewe. Kufundisha kwa mdomo ni rahisi. Kitabu kipo, maneno yapo, watoto wameketi, na saa ikilia kazi imekwisha. Bali kufundisha kwa mikono kwamtaka mwalimu anyamaze, na kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Tuangalie jinsi Mungu alivyofanya katika bustani ya Edeni. Aliwaleta wanyama wote na ndege wote mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Mungu aliwajua tangu kabla hajawaumba, angeweza kumpa Adamu orodha ya majina, amwamuru aikariri. Hakufanya hivyo. Alimletea mnyama, akangoja. Mwumba wa mbingu na nchi alimngoja mwanafunzi wake amtazame mnyama, afikiri, aseme. Na lo lote alilosema Adamu, likawa ndilo jina. Hakusahihishwa hata moja. Mwalimu akumbuke somo hili wakati mtoto aliyemchora simba wa Danieli amempa miguu sita. Amwulize kwa nini. Mtoto mwenye miguu sita ya simba huwa na sababu, na mara nyingine ni sababu njema: kwamba huyu simba alikuwa akitetemeka mbele ya malaika, miguu yake ikaonekana mingi.

Hata wazazi nao wana sehemu yao, nayo haitaki shule. Mama aliye shambani na mtoto wake ameshika kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Sulemani, twasoma katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hata ule mmea mdogo uotao ukutani, na habari za wanyama na ndege na vitambaavyo na samaki. Na Maandiko yanayahesabu hayo kuwa hekima aliyopewa na Mungu. Je, watoto wa sasa wajua majina ya miti iliyo karibu na nyumba yao? Bibi zao waliyajua yote, na jani gani latuliza tumbo, na ndege gani akilia mvua i karibu. Wengi wa bibi hao wanakufa sasa, nao wanakwenda na majina yale. Kijana aweza kupata cheti cha darasa la saba, naye kila mti auita mti tu, kila ndege ndege tu. Kama Adamu alipewa kazi ya kuwaita viumbe kwa majina, basi kuyasahau majina si hasara ya elimu peke yake. Mtoto apewe daftari moja, abandike humo jani lililokauka, bibi aseme jina lake, mtoto aliandike. Bibi asiyejua kusoma atakuwa ndiye mwalimu, na mjukuu ndiye mwandishi, na wote wawili watakuwa na sababu ya kuketi pamoja jioni.

Na kwa wale wanaowaandaa vijana wa Kipaimara tunalo neno moja zaidi kutoka kwa Oberlin. Mchungaji huyo hakuwa mtu wa vitabu tu. Wakulima walipokataa kuitengeneza barabara ya kutoka bondeni, alichukua sururu begani akaenda kuichimba mwenyewe, nao wakamfuata. Husimuliwa ya kuwa hakumkubali kijana kwa Kipaimara mpaka ameleta uthibitisho kwamba amepanda miti miwili kwa mkono wake. Maneno ya Katekisimo aliyataka, na miti aliitaka vile vile. Alizikwa Fouday, na juu ya kaburi lake upo msalaba wa chuma wenye maneno mawili tu ya Kifaransa, yaani Baba Oberlin.

Katika sharika nyingi darasa la Kipaimara hukutana kila Jumamosi, na nyuma ya kanisa pana kiwanja kitupu chenye nyasi za mbuzi. Wenye kutaka kupanda na wasingoje mvua inyeshe ndipo watafute majembe. Mashimo yachimbwe wakati wa kiangazi, kila kijana mashimo yake mawili, kina cha mkono mpaka kiwikoni, na udongo wa juu uwekwe mbali na udongo wa chini ili urudishwe kwanza pamoja na samadi. Mzee wa kanisa mwenye kuijua miti ya asili ya mahali pale aitwe aje kusema ni miche gani itafutwe. Vijana wamwulize wenyewe.